Vibao vya Kuelekeza Njia Tanga: Majina Kwanza, Fundi Baadaye

Halmashauri nyingi zikipata fungu la vibao vya kuelekeza njia, mtu wa kwanza kuitwa ni fundi wa mabango. Anaulizwa bei ya kibao kimoja, bei inazidishwa kwa idadi inayokaa vizuri kwenye bajeti, na baada ya miezi mitatu nguzo zinasimama popote palipokuwa rahisi kuchimba. Fundi hana kosa. Ameitwa kabla kazi yake haijawepo, maana hakuna aliyekwisha kuamua kibao kiseme nini, kisimame wapi, kisomwe na nani, na nani atakisimamisha tena kikigongwa na lori.

Nachukua Tanga kama mfano. Ni jiji tangu 2005, lakini sensa ya 2022 ilikuta wakazi karibu laki nne tu, na bado ni mji ambao watu wengi huuzunguka kwa baiskeli. Kuna bandari, hospitali ya rufaa ya mkoa, stendi kuu ya mabasi ya Kange, iliyo mbali na katikati, magari yanayoingia kutoka mpaka wa Horohoro, na vivutio viwili vilivyopeana mgongo: Mapango ya Amboni, kilomita kama 8 kaskazini, na magofu ya Tongoni upande wa kusini, barabara ya Pangani. Mji wa namna hii hauhitaji vibao mia tatu. Arobaini vilivyoshikana vinatosha, na ugumu wote uko kwenye huko kushikana.

Kuna watakaosema vibao tunavyo tayari, tangu Operesheni ya Anwani za Makazi iliyofanyika kabla ya sensa ya Agosti 2022. Kazi ile ilikuwa muhimu na haipaswi kurudiwa, ila ilijibu swali jingine. Kibao cha anwani humwambia mtu yuko wapi, naye anayetoka Kange na mgonjwa anataka kujua aende wapi. Jina la mtaa halimfai asiyejua mtaa huo uko upande gani wa mji. Mpango wa kuelekeza njia unaanza pale anwani inapoishia, na unapaswa kutumia majina yaleyale ya operesheni kwa tahajia ileile. Mtaa mmoja ukiandikwa kwa namna mbili, mgeni atadhani ni mitaa miwili.

Majina ndiyo yanayokula muda kuliko nguzo na rangi, na ndiyo yanayorukwa. Tuitazame hospitali. Ukiandika “Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Tanga” unapata herufi na nafasi 35. Kwa herufi za milimita 150, ambazo dereva anazihitaji, kila herufi pamoja na nafasi yake inakula kama sentimita 10. Maana yake mstari mmoja una urefu wa mita tatu na nusu. Hakuna nguzo ya kawaida inayobeba kibao hicho, kwa hiyo fundi atapunguza herufi mpaka zienee, na zikienea hazisomeki. Na jina hilo lenyewe, kondakta akiulizwa, hulifupisha papo hapo: “Ah, Bombo.” Mji mzima unasema Bombo. Kibao kinahitaji alama ya hospitali na neno moja, Bombo, ambalo linaenea katika nusu mita. Jina refu likae langoni, ambako mtu amekwisha kufika na ana nafasi ya kulisoma.

Majina yanayosemwa hayapatikani ofisini. Yanapatikana kwa kuwauliza waendesha bodaboda na bajaji ishirini, kila mmoja peke yake, asisikie jibu la mwenzake. Usimsomee jina rasmi, kwa sababu atakubali ili kukuridhisha. Mwonyeshe picha ya jengo umuulize abiria wakitaka kwenda hapo husemaje. Jina litakalotajwa na kumi na tano kati ya ishirini ndilo la kuandikwa. Likigawanyika nusu kwa nusu umepata habari kubwa zaidi: mahali hapo pana majina mawili hai, na lazima uongozi wa mtaa ukae na wenyeji kuchagua moja kabla ya bati kukatwa. Neno “stendi” peke yake ni mtego wa aina hiyo. Mabasi ya mikoani yako Kange, lakini wapo ambao neno hilo bado linawapeleka stendi ya zamani, Ngamiani. Kibao kisiandike “Stendi” tu. Kiandike “Kange” na kuweka alama ya basi.

Upo pia mtaa wa Eckernforde, uliopewa jina la mji rafiki wa Tanga ulioko Ujerumani. Ni jina halali lenye historia yake, ila mgeni aliyelisikia kwenye simu hataweza kulioanisha na maandishi. Majina ya aina hii yabaki kwenye vibao vya mtaa. Yasitumike kama shabaha ya kuelekezea watu. Shabaha iwe kitu kinachosemeka na kuonekana: Bandarini, Mkwakwani, Soko la Mgandini, Raskazone.

Ngamiani kwenyewe, Tanga ina mali ambayo miji mingi ingeilipia. Barabara zake zinafuatana kwa namba. Aliye Barabara ya 8 akitaka ya 12 hahitaji mshale. Akiona 9 anajua anakwenda sawa, akiona 7 anageuka. Mfumo huo wa kuelekeza upo tayari, unaishi vinywani mwa watu, na hauhitaji nguzo hata moja. Kinachohitajika ni namba kuonekana kila kona, pande zote mbili za njia panda, kubwa kuliko kitu kingine chochote kilichoandikwa hapo. Ningeipaka rangi ukutani: mraba wa sentimita 40 wa buluu iliyoiva, namba nyeupe ya sentimita 25, kitako chake mita mbili na nusu kutoka chini ili gari lililoegeshwa lisiizibe. Stensili hukatwa kwenye plastiki ngumu mara moja ikatumika mtaa mzima. Ukuta ni mali ya mtu, kwa hiyo ridhaa ya mwenye nyumba iandikwe na kupita kwa mtendaji wa mtaa kabla ya rangi kufunguliwa. Kuweka huko vibao vya mapambo vyenye nguzo za chuma, wakati namba zenyewe hazionekani, ni kuzitupa fedha.

Majina yakikaa sawa, ndipo unapanga minyororo, yaani vibao vinavyofuatana kumfikisha mtu mahali pamoja, na hapo ndipo kosa kubwa kuliko yote hufanyika. Mapango ya Amboni yanaweza kupata kibao kizuri barabara kuu, kisha njia panda inayofuata ikawa kimya. Mgeni aliyeelekezwa mara moja na kunyamaziwa mara ya pili yuko pabaya kuliko asiyeelekezwa kabisa, kwa sababu ameshaacha kuuliza. Sheria ni moja na haina msamaha: mahali pakishatajwa kwenye kibao, patajwe kwenye kila njia panda inayofuata mpaka mtu afike. Kama fedha hazitoshi kuumaliza mnyororo, usiuanze. Jina hilo lingoje awamu ya pili.

Njia panda ya kuhesabiwa ni ile tu ambapo mtu anaweza kukosea. Barabara ikinyooka na vichochoro vikiingia pembeni, hapo hapana uamuzi. Mzunguko, makutano ya barabara mbili za ukubwa mmoja, na mahali ambapo barabara kuu inapinda huku ndogo ikinyooka, hizo ndizo za kuhesabu. Hiyo ya mwisho ni hatari kuliko zote na husahaulika, kwa kuwa mwenyeji haoni kama kuna uamuzi pale. Tanga inaongeza vivuko vya reli. Reli ambayo Wajerumani walianza kuijenga hapa mwaka 1893 bado ni mpaka kati ya Ngamiani na katikati ya mji, na mwenye gari haivuki popote apendapo. Akikosa kivuko chake anajikuta upande usio wake wa mji.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua sehemu 12 za kuelekezea, kila moja ikiwa na wastani wa njia panda 6 kutoka lango la mji lililo karibu nayo. Hiyo ni mistari 72. Kibao cha dereva kisizidi mistari mitatu, na vingi havitajaa, kwa hiyo tumia wastani wa mistari miwili na nusu: vibao 29. Ongeza vidogo 12 vya kufikia, vingi vyao kwenye kuta na malango, na mbao za ramani 3, jumla ni 44. Idadi hiyo inashuka zaidi ukifuata kanuni ya kutaja eneo ukiwa mbali na kutaja jengo ukiwa karibu. Kutoka Kange hakuna haja ya kuandika makumbusho ya Urithi, posta na benki. Andika “Katikati ya Mji”, inatosha. Ukifika katikati, jina hilo linafunguka na kugawanyika. Bombo peke yake ndiyo ningeiandika tangu Kange mpaka mlangoni, kwa sababu anayekwenda huko hana muda wa kujifunza jiografia.

Yote haya huandikwa kwenye jedwali moja, mstari mmoja kwa kila kibao: namba yake, majira ya GPS (namba za mahali kinaposimama), maandishi ya kila mstari na mshale wake, ukubwa, kama ni nguzo au ukuta, barabara ni ya nani, na picha ya mahali. Safu moja inastahili uangalifu wa pekee, nayo ni “kinasomwa na anayetoka wapi”. Wengi huandika “kinatazama kaskazini”. Mchoraji anafikiri ni msomaji ndiye anayetazama kaskazini, fundi anafikiri ni bati, na mishale inatoka imegeuzwa. Andika “kinasomwa na anayetoka Kange” na shaka inakwisha. Kabla ya kupeleka jedwali kwa fundi, watu wawili walipitie njia kwa njia: mmoja asome kwa sauti kilichoandikwa, mwingine afuate kwenye ramani akigeuka pale tu alipoambiwa. Kufuta mshale uliokosewa kwenye jedwali ni kazi ya sekunde, lakini kwenye bati ni gharama ya bati jipya.

Kuhusu herufi, vipimo vipo na havibishaniwi kwa ladha. Dereva wa kilomita 50 kwa saa, mwendo unaoruhusiwa mjini, anakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Herufi kubwa yenye kimo cha milimita 25 inasomeka kutoka mita kama 9, hivyo ya milimita 150 inasomeka kutoka mita 54, yaani chini kidogo ya sekunde nne. Ndani ya hizo sekunde nne anasoma mistari mitatu na kuamua. Mstari wa nne hauna msomaji. Anayetembea kwa miguu, akisoma kutoka mita 10, anahitaji milimita 30. Mpe 40, wapo wenye macho yaliyochoka. Mwendesha baiskeli yuko katikati, mita 4 kwa sekunde, na Tanga haina haki ya kumsahau. Vibao vya katikati ya mji viwe na herufi za milimita 75, naye atavisoma bila kushuka.

Andika “Katikati ya Mji”, usiandike “KATIKATI YA MJI”. Neno lenye herufi ndogo lina umbo lake, milima na mabonde. Neno lote la herufi kubwa ni boksi, na maboksi yote yanafanana. Juu kabisa weka mistari ya kwenda mbele, kisha ya kushoto, kisha ya kulia. Mshale wa kushoto ukae ukingo wa kushoto wa kibao, wa kulia ukingo wa kulia. Mshale wa kwenda mbele uelekee juu, usielekee chini hata siku moja.

Rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kufa kwenye jua la pwani. Maandishi meupe juu ya buluu iliyoiva au nyeusi yanadumu na yanaonekana. Kahawia imeshikwa na vivutio vya utalii na dereva ameizoea, kwa hiyo Amboni na Tongoni viandikwe kwa kahawia na kisiwepo kingine cha rangi hiyo. Nembo ya jiji, kama lazima iwepo, isizidi kimo cha herufi moja. Nembo ya mfadhili ikae nyuma ya bati. Hapo ningekaza shingo, kwa sababu nembo mbili upande wa mbele zinakula nafasi ya mstari mzima, na mfadhili anayetaka mji uelekezeke atalielewa hilo.

Kiswahili kwanza na kwa ukubwa. Kiingereza kiwepo kwenye vibao vya kahawia na kwenye ramani, kwa herufi ndogo chini ya Kiswahili. Lugha mbili kila mahali zinaongeza maandishi mara mbili na kupunguza herufi nusu, halafu “Bombo” na “Raskazone” havina tafsiri.

Bahari inakula chuma, na Tanga ipo baharini. Bomba la chuma cheusi lililopakwa rangi ya mafuta huanza kutoa kutu penye maungio ya kuchomelea na pale linapoingia ardhini, ambapo maji ya mvua hutuama. Nguzo iwe bomba la milimita 76, unene wa milimita 3, lililozamishwa kwenye zinki ya moto baada ya kuchomelewa, si kabla. Ukichomelea baada ya zinki umeichoma zinki pale pale inapohitajika kuliko kwingine, na kupuliza rangi ya fedha juu yake ni kuficha kidonda. Kichwa cha bomba kizibwe ili maji yasiingie. Kifuniko cha zege kule chini kiinuke sentimita 5 juu ya ardhi, kiinamishwe kama paa dogo, maji yatiririke mbali na chuma.

Kosa jingine ni dogo kwa macho. Bati la alumini likifungwa kwa boliti za chuma cha kawaida, chumvi na unyevu vinazigeuza metali hizo mbili kuwa kama betri. Unga mweupe unatokea kuzunguka tundu, tundu linapanuka, na upepo wa kusi unamalizia. Tumia boliti za chuma kisichoshika kutu na washa za nailoni kila upande, bati lisigusane na chuma moja kwa moja. Washa hizo ni kitu kidogo kuliko vyote kwenye orodha, na ndicho mkandarasi hukiacha kwanza.

Kisha kuna vyuma chakavu. Kibao kinaibwa kwa sababu kinapimwa kwenye mizani na kulipwa, basi kifanye kisiwe na bei. Alukobondi, zile karatasi mbili nyembamba za alumini zenye plastiki katikati, haina thamani kwa mnunuzi wa chakavu na inatosha kabisa kwa vibao vya watembea kwa miguu. Bomba lijazwe zege ndani mpaka mita moja na nusu. Vichwa vya boliti viwe vya kuvunjika baada ya kukazwa, spana isipate pa kushika. Na popote ukuta unapoweza kufanya kazi ya nguzo, nguzo isiwekwe. Vibao vya madereva vinahitaji pia stika ya kuakisi mwanga, kwa sababu usiku ndipo mgeni hupotea zaidi. Stika ya daraja la kawaida hutarajiwa kuishi miaka 7 hivi, ya daraja la juu 10. Kwa jua la pwani nunua ya juu, na hesabu miaka pungufu.

Shimo la nguzo moja: sentimita 40 kwa 40, kina 70. Chini ya bomba chomelea kipande cha nondo cha sentimita 30 kikatize kama msalaba. Bila hicho, bomba la duara huzunguka ndani ya zege lake upepo ukisukuma bati, au kijana akilining’inia, na mshale unaanza kuelekeza baharini. Zege la moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto) linakula karibu robo tatu ya mfuko wa saruji kwa shimo, maana yake mashimo 29 yanataka mifuko 21 na kidogo, nunua 24. Simamisha kwa timazi pande mbili, si upande mmoja. Subiri siku tatu kabla ya kufunga bati. Kitako cha bati kiwe mita 2.1 au zaidi juu ya njia ya miguu, na ukingo wake usiwe karibu na barabara kuliko nusu mita, la sivyo kioo cha pembeni cha basi kitaukuta.

Kabla ya jembe kugusa ardhi, ruhusa. Barabara kuu zinazoingia mjini ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, mitaa mingi iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, na kibao kikisimama kwenye hifadhi ya barabara bila barua yao kitang’olewa, na watakuwa na haki. Barua iende na jedwali lenyewe, si maelezo ya jumla. Mhandisi akiona majira na vipimo vya kila kibao anajibu. Akiona aya tatu za malengo anaiweka pembeni. Nakala iende mamlaka ya maji na kampuni zenye mkongo chini ya ardhi, kwa sababu sentimita 70 zinatosha kabisa kukata bomba la maji la mtaa mzima. Nguzo za umeme zisifungiwe kitu.

Ruhusa ikishapatikana bado usitengeneze. Chapa vibao vyote vya mnyororo mmoja, tuseme Kange mpaka Bombo, kwenye plastiki nyepesi au hata boksi gumu, kwa ukubwa wake halisi, uvifunge kwa kamba kwa wiki moja. Mwaka 2012 huko Raleigh, Marekani, kijana aliyekuwa akisomea mipango miji alifunga vibao 27 vya plastiki kwenye njia panda tatu, kila kimoja kikitaja dakika za kutembea mpaka mahali fulani. Hakuwa na ruhusa na jiji likaviondoa, kisha likavirudisha kama jaribio rasmi, kwa kuwa watu walikuwa wamekwisha kuvitumia. Tanga iombe ruhusa kwanza, lakini iige ule wepesi. Tafuta watu kumi wasioujua mji, uwashushe Kange mmoja mmoja, uwaombe wafike Bombo bila kuuliza mtu wala kutazama simu. Anayewafuata aandike walisimama wapi, walitazama wapi, waligeuka wapi. Wawili wakisimama mahali pamoja, hapo pana tatizo, hata kama mchoro unasema hakuna. Mara nyingi utakuta kibao kiko sahihi ila kimesimama mita 15 baada ya pale mtu alipohitaji kuamua, au mwembe umekiziba, au macho yote yanavutwa na bango la kampuni ya simu lililo nyuma yake.

Mbao za ramani zisizidi tatu: Kange, katikati ya mji, na mlangoni Bombo. Zinaharibiwa na jambo moja, kuchora kaskazini juu kila mahali. Ramani ya kusimama nayo barabarani ichorwe kwa namna anavyosimama msomaji, yaani kilicho mbele yake kiwe juu na cha kushoto kwake kiwe kushoto. London ilichagua hivyo kwenye mbao zake za watembea kwa miguu, zikiwa na duara linaloonyesha unapofika kwa dakika tano na jingine kwa dakika kumi na tano. Kwa Tanga duara la dakika tano liwe la mita 350. Hesabu ya kawaida ni 400, lakini hiyo haikupigwa kwa mtu aliyebeba mzigo saa saba mchana. Katikati ya ramani iwe mita 1.4 kutoka ardhini, ili aliye kwenye kiti cha magurudumu na aliyesimama wote waione.

Fedha ningezigawa hivi: katika kila shilingi 100, 20 ziende kwenye majina, jedwali na majaribio, 55 kutengeneza na kusimamisha, 10 mabati ya akiba, na 15 zifungwe kwa matengenezo ya miaka mitatu ya kwanza. Mkandarasi asilipwe kwa idadi ya vibao, maana atasimamisha idadi. Alipwe kwa mnyororo uliokaguliwa kwa kutembea, na theluthi ya malipo ingoje masika ipite. Nguzo iliyosimamishwa vibaya huinama mwezi wa tano.

Baada ya hapo lazima awepo mtu mmoja, mwenye cheo na jina, anayelishika lile jedwali. Kila miezi sita, mara moja ikiwa baada ya masika, apite njia zote na msumeno wa matawi, ndoo ya maji ya sabuni na boliti za akiba. Atakuta karatasi za waganga na za wagombea zimebandikwa juu ya mishale. Sehemu ya chini ya nguzo ikipakwa rangi iliyochanganywa na mchanga, gundi haishiki vizuri na kazi yake inapungua. Taasisi ikihama, siku hiyohiyo jina lake lishuke kwenye mnyororo wote, si kwenye kibao cha mlangoni tu.

Limebaki jambo ambalo karibu kila mpango hulisahau, nalo ni kurudi. Vibao hupangwa kwa ajili ya anayeingia mjini. Lakini aliyeruhusiwa kutoka Bombo saa kumi jioni, ameshika mfuko wa dawa, naye anatafuta njia ya Kange kabla basi la mwisho halijaondoka, na njia hiyo hajaipita kwa miguu maana alikuja ndani ya bajaji usiku. Nguzo zimekwisha kusimama njia nzima, bati zake zina mgongo mtupu. Stika nyingine upande wa nyuma, yenye alama ya basi, neno Kange na mshale, haihitaji shimo wala saruji. Ila ule mgongo lazima uwe na mstari wake kwenye jedwali tangu siku ya kwanza, kwa sababu mahali panapomfaa anayekuja si kila mara panamfaa anayerudi, na nguzo mbili tatu zitabidi zisogezwe ng’ambo ya barabara kabla zege halijamwagwa.